Mtu Ajulikana kwa Nini?

Siku hizi vijana huwauliza waalimu wao neno ambalo wazee wetu hawakuulizwa: Je, roboti aweza kuwa mtu?

Neno hili si geni. Mwaka 1920 Karel Čapek, mtungaji wa nchi ya Wacheki, alitoa mchezo uitwao R.U.R. Humo ndimo lilimotoka jina la roboti, na asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shuruti. Roboti wake hawakuwa wa chuma, bali wa kitu mfano wa nyama, nao waliuzwa wafanye kazi. Mwisho wa mchezo wanadamu wamekufa, amebaki mmoja tu, Alquist. Yeye ataka kumpasua roboti wa kike apate siri ya uhai. Mwenziwe wa kiume aomba apasuliwe yeye badala yake; na yule wa kike naye aomba vivyo hivyo. Alquist awaacha waende zao, maana amekwisha kuona alilotaka.

Sisi wa Shinyanga na Geita twakijua kisu hicho. Ila kwetu swali liligeuzwa: mtu ndiye aliyeambiwa kuwa si mtu. Watu walinena ya kuwa mwenye ualbino hafi, hutoweka tu. Kisha waganga wakawaambia wachimbaji wa dhahabu na wavuvi kwamba kiungo chake huleta bahati. Kama hutoweka, mbona jamaa walilazimika kuyaziba makaburi kwa saruji, wezi wa mifupa wasiingie? Ualbino ni urithi wa baba na mama pamoja, hata wakiwa weusi wote wawili. (Basi mume asimtilie mkewe shaka.)

Septemba 2009 Mahakama Kuu, ilipoketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kufa kwa kumwua mvulana wa Bukombe, mwenye miaka 14. Shtaka lao lilikuwa kuua mtu, wala si jingine.

Na lile aliloliona Alquist limeonekana kwetu pia, wala si katika mchezo. Februari 2015, wilayani Chato, mama mmoja alikatwa mapanga usoni na mikononi, akimzuia mwanawe wa mwaka mmoja asichukuliwe. Walimchukua. Alionekana baadaye amekufa, viungo vyake vimekatwa.