Msimu Ukifungwa, Chukua .22

Mwindaji mwenye leseni ya bunduki kubwa ya .375 anajua inavyouma kununua risasi zake. Bei ya moja, kwa kawaida, inatosha kununua za bunduki ndogo ya .22 zaidi ya kumi. Ndiyo maana wengi, msimu ukifungwa, huisafisha bunduki, wakaifungia kabatini, na Julai ikikaribia wakapiga risasi tatu tu kabla ya kuingia porini kumtafuta nyati.

Risasi tatu haziamshi mkono uliolala. Kinachopotea miezi ile ni pumzi, jicho na kidole, na hivyo vyote .22 inavinoa vizuri kwa sababu haina teke la kutisha. Kichwa cha risasi yake kina gramu 2.6 hivi, cha .375 kinafika gramu 19. Mtu akipigwa bega na bunduki kubwa mara nyingi mfululizo, mwili hujifunza kushtuka kabla ya mlio: anafumba jicho, anasukuma bega, mtutu unainama. Ukitaka kuhakikisha, mwombe mwenzako akupakilie bunduki kubwa, mara risasi hai, mara risasi bandia, bila kukuambia ni ipi. Ukibonyeza triga kwenye ile bandia, pasiwe na mlio, utauona mtutu ukichovya chini. Tabia hiyo huondoka kwa kupiga .22 taratibu, nyingi, wiki hadi wiki.

Chagua .22 inayofanana na bunduki yako ya kazi: ya komeo kama ile ni ya komeo, urefu wa kitako uleule, na darubini kama unawinda kwa darubini. Iombee leseni yake. Usiazime ya jirani.

Usikae mezani. Porini Tanzania utapiga ukiwa umesimama, bunduki imelazwa juu ya fimbo tatu, moyo unakwenda mbio. Basi simamisha fimbo hizo uwanjani. Chora duara la sentimita 5 uliweke mita 25: kwa jicho lako ni sawa na la sentimita 20 lililo mita 100. Tembea haraka kidogo, fika kwenye fimbo, vuta pumzi, itoe nusu, bonyeza triga polepole. Kisha, na hapa ndipo wengi hulegea, vuta komeo upakie tena bila kuondoa kitako begani. Nyati aliyepigwa vibaya hatakusubiri ushushe bunduki uangalie shabaha. Ukizoea, piga goti, kaa chini, halafu sogea hadi mita 50. Ukiirekebisha ipige katikati kwa mita 50, ukienda mita 100 risasi itashuka takriban sentimita 15, na hata upepo mwepesi utaisukuma kando. Huko ndiko utakakojifunza kusoma upepo kwa gharama ndogo.

Udogo wake usikudanganye. Risasi ya .22 inaua, na inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja. Ikigonga jiwe au maji hudunda na kubadili njia, kwa hiyo nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo usio na mawe. Ziba masikio, na unawe mikono kabla ya kula, kwani risasi hizi zina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu. Usifyatue .22 tupu bila risasi bandia, maana katika bunduki nyingi pini huweza kugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Wiki mbili kabla ya safari, irudie .375. Piga chache, kutoka kwenye fimbo zilezile, uone kama darubini bado iko sawa, hilo .22 haiwezi kukuambia. Kama risasi hazikai ndani ya duara la sentimita 20 kwa mita 100, sogeza safari mbele uendelee na mazoezi. Mnyama ukimjeruhi akapotea, ada yake utailipa yote kama vile umemuua, na wafuatiliaji nyayo ndio watakaotangulia kichakani kumtafuta.