Dawa Ikimdhuru Mgonjwa, Sema Siku Hiyohiyo

Kijitabu cha elimu kwa wagonjwa, walinzi wa wagonjwa na wauguzi wa Kaniama, Haut-Lomami

Dawa iliyochaguliwa vizuri, ikapimwa vizuri na kutolewa na muuguzi anayejua kazi yake, bado inaweza kumdhuru mgonjwa. Jambo hili halisemwi vya kutosha, ndiyo maana familia nyingi hulijua kwa mara ya kwanza siku mtoto wao anapovimba uso baada ya sindano. Hapo ndipo malalamiko huanza: muuguzi ameua, dawa ni ya bandia, kuna jirani aliyemloga mtoto. Muuguzi naye hujitetea kwamba ni ugonjwa wenyewe. Maneno huzunguka sokoni na kanisani, lakini hakuna hata karatasi moja inayofika ofisi kuu ya zoni ya afya. Kijitabu hiki kina neno moja la kusisitiza, na tutalirudia: dhara la dawa likinyamaziwa humkuta mgonjwa wa pili, kisha wa tatu, mpaka apatikane mtu wa kusema. Anayeona dalili asiyoitegemea baada ya dawa aiseme siku hiyohiyo. Muuguzi anayeambiwa aiandike.

Wapo wanaodhani haya hutokea mara chache sana. Nchini Uingereza, watafiti waliochunguza wagonjwa 18,820 waliolazwa, na kutoa matokeo yao mwaka 2004, waliona kwamba wagonjwa 6.5 katika kila 100 walikuwa na dhara la dawa. Karibu nasi zaidi, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kuwa karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alishukiwa kupata dhara la dawa akiwa tayari amelazwa. Mengi ya madhara hayo ni madogo, kama kichefuchefu, kuwashwa au kuharisha. Machache huua. Hospitali hizo zina maabara na wataalamu wengi kuliko sisi. Kaniama iko kwenye reli kati ya Kamina na Mwene-Ditu, na dawa huweza kukaa njiani muda mrefu kabla ya kumfikia mgonjwa, katika joto na mikononi mwa watu wengi. Hakuna sababu ya kuamini kwamba hapa madhara ni machache kuliko Mulago. Kilicho kichache hapa ni taarifa.

Gharama ya kunyamaza ilionekana Ituri, katika nchi yetu hii hii. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2014 na kuingia 2015, watu walianza kufikishwa vituoni wakiwa na shingo zilizopinda, ndimi zilizokakamaa na misuli ya uso inayovutika bila wao kutaka. Wazo la kwanza lilikuwa homa ya uti wa mgongo, na wapo walioamini ni mambo ya kishirikina. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikuwa likifanya kazi eneo hilo, na vipimo vilipofanywa ukweli ukatoka: vidonge vilivyoandikwa diazepam kwenye kopo vilikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, ambayo inajulikana kwa kukakamaza misuli. Mwezi Julai 2015, OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, ilipotangaza tahadhari kwa dunia nzima, watu zaidi ya 400 walikuwa wamekwisha kulazwa. Jibu halikuwa mbali wakati huo wote. Lilikuwa ndani ya kopo, juu ya meza ya farmasi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kila mgonjwa alikuwa amemeza nini kabla ya kukakamaa, na kuyaweka majibu ya wagonjwa wengi pamoja. Mgonjwa mmoja hawezi kuliona jambo hilo, na kituo kimoja hakiwezi. Taarifa zinazokusanyika ndizo zinazoliona.

Hapa tunasikia pingamizi la kwanza, nalo ni la haki: nitajuaje kama ni dawa au ni ugonjwa? Mara nyingi hutajua, na hutakiwi kujua. Chukua kinini ya serumu, dawa ya malaria kali ambayo bado hutumika penye upungufu wa artesunate. Kinini hushusha sukari ya damu, hasa kwa watoto na kwa wanawake wenye mimba. Mgonjwa hutoka jasho, huchanganyikiwa, huzimia, na malaria kali nayo hufanya vivyo hivyo. Bila kupima sukari, hata daktari mzoefu anaweza kukosea. Serumu hiyo inapaswa kuingia polepole, kwa muda wa saa nne hivi. Sasa tazama kile kigurudumu kidogo cha plastiki kwenye mrija. Mlinzi wa mgonjwa anakisukuma kidogo ili chupa iishe upesi, warudi nyumbani kabla ya giza, na kwa kidole kimoja dawa iliyokuwa ya kumponya inaushambulia moyo. Marufuku kukigusa. Marufuku, hata kama muuguzi ametoka na chupa inaonekana haishuki: nenda ukamwite. Na kama kuna mtu amekwisha kukigusa, aseme wakati huohuo, kwa sababu aliyeficha kosa hilo anamnyima mgonjwa nafasi ya kusaidiwa. Wa kuthibitisha kama ni dawa au ni ugonjwa wapo Kinshasa, katika kituo cha taifa cha ufuatiliaji wa madhara ya dawa. Kwako wewe, shaka inatosha.

Pingamizi la pili hutoka kwa wauguzi na hata kwa madaktari: tukianza kuzungumza juu ya madhara, watu watakimbia hospitali na kurudi kwenye mizizi. Ushahidi unaonyesha vingine: kuhesabu vifo na madhara ndiko kunakoleta dawa bora. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2010, uliohusisha watoto zaidi ya 5,400 wa nchi za Afrika, yetu ikiwamo, ulithibitisha kwamba artesunate ya sindano hupunguza vifo vya malaria kali kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kinini. Ndiyo maana ilichukua nafasi ya kwanza. Mfano wenye nguvu zaidi ni wa ugonjwa wa malale. Kwa miaka mingi wagonjwa wa hatua ya pili walichomwa melarsoprol, dawa yenye aseniki. Wagonjwa kati ya 5 na 10 katika kila 100 walipata madhara ya ubongo, na wengi wao walikufa kwa dawa iliyokuja kuwaokoa. Vifo hivyo viliandikwa na kuhesabiwa, na hesabu hiyo ndiyo iliyowasukuma watafiti kutafuta njia nyingine. Leo kuna fexinidazole, vidonge vya kumeza, vilivyofanyiwa majaribio hapa Kongo kwa kazi ya madaktari Wakongo na kukubaliwa mwishoni mwa mwaka 2018. Hilo tunalisema kwa fahari. Kama wale waliotutangulia wangeficha madhara ili kulinda sifa ya melarsoprol, tungekuwa bado tunaichoma.

Muuguzi anayeogopa adhabu naye asikilizwe, kwa maana hofu yake ndiyo inayoziacha fishi za taarifa bila kujazwa. Fishi hiyo haimtafuti mwenye kosa. Inataka mambo manne tu: mgonjwa anayeweza kutambuliwa, hata kwa herufi za kwanza za jina na umri wake, dawa inayoshukiwa, dalili iliyoonekana, na aliyetoa taarifa. Ongeza namba ya loti kila inapowezekana, kwa sababu ndiyo inayowezesha kusaka makopo mengine ya dawa ileile. Kwa hiyo chupa na pakiti zisitupwe. Taarifa hupanda kutoka kituo hadi ofisi ya zoni, kisha Kinshasa, na kutoka huko huingia katika hazina ya OMS iliyoko Uppsala, Uswidi, kwani Kongo ni mwanachama wa mfumo huo tangu mwaka 2010. Tangu 2020 nchi ina ACOREP, mamlaka ya kusimamia dawa. Mfumo upo. Dawa zote zinahusika, chanjo na mitishamba pia, na mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kutoa taarifa. Muuguzi anayesema hana muda wa kujaza mambo manne afikirie muda ambao Ituri iliupoteza.

Kuna dhara moja tunaloogopa litapuuzwa kuliko mengine, kwa sababu hutokea mgonjwa akiwa amekwisha kurudi kijijini, familia imeshafurahi na hakuna anayeikumbuka sindano. Baada ya artesunate, baadhi ya wagonjwa huvunjikiwa chembe za damu, mara nyingi kuanzia siku ya 7, na hatari huendelea mpaka wiki ya nne. Mtoto aliyepona vizuri anaanza kupauka, macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama kahawa, anahema akitembea hatua chache. Wengi watasema malaria imerudi na kumnunulia vidonge sokoni, au watasema ana mkono wa mtu. Mrudisheni kituoni siku hiyohiyo, kwa baiskeli au pikipiki, apimwe damu, na semeni wazi: alichomwa artesunate, tarehe fulani. Kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali, mwombeni muuguzi aandike katika kaye jina la dawa na siku ya sindano ya kwanza, na akiondoka bila kuandika, mfuateni. Mtoto arudishwe kuangaliwa kila wiki hadi siku ya 28, hata kama anacheza.