Ghala Kuukuu Kuwa Karakana ya Pamoja

Ghala la zamani lenye madirisha ya juu huwavutia mafundi wa magari wanaotaka kushirikiana, kwani hewa ya joto hutoka upesi. Mvuke wa petroli, hata hivyo, haupandi. Uzito wa molekuli ya hewa ni 29 hivi; wa oktani, mojawapo ya viambato vya petroli, ni 114. Kwa hiyo mvuke huo hutambaa sakafuni na kutuama katika shimo la kukagulia magari. Ukifikia takriban asilimia 1.4 tu, cheche ya mchomeleaji wa jirani yatosha kuulipua, na aliye shimoni hana pa kukimbilia. Matundu ya hewa yatobolewe pia chini ya kuta, na tangi la petroli litolewe mafuta nje ya jengo.