Herufi Moja Kwanza: Kufundisha Jinsi Kiini cha Kompyuta Kinavyohamishiwa Prosesa Mpya

Utangulizi

Mara nyingi mwalimu humaliza kueleza, akauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia, "Ndiyo!" Naye hufuta ubao akaendelea mbele. Majuma matatu baadaye, madaftari yakusanywapo, hugundulika kwamba baadhi ya watoto walipotea tangu siku ya kwanza. Makala haya yaeleza kazi moja ya mafundi wa kompyuta isiyoweza kufanywa kwa mtindo huo, kisha yaonyesha jinsi ya kuifundisha katika darasa la sita hata pasipo kompyuta.

Maarifa ya Mwalimu

Prosesa ni kipande cha kompyuta kinachotekeleza maagizo. Prosesa hazimo katika kompyuta za mezani tu. Zimo pia ndani ya simu na mashine za kufulia nguo. Kila jamii ya prosesa ina orodha yake ya maagizo, na lugha ya jamii moja haieleweki kwa nyingine. Kiini, nacho, ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayogawa muda wa prosesa, kumbukumbu na vifaa baina ya programu zote.

Linus Torvalds wa Ufini alipoanza kuandika kiini cha Linux mwaka 1991, alikiandikia prosesa moja tu, Intel 80386. Kilipohamishiwa prosesa nyingine, ilibidi mambo mawili yatenganishwe: yale yaliyo sawa kwa prosesa zote, na yale yanayohusu kila jamii peke yake. Aletaye jamii mpya haandiki kiini chote upya. Kazi yake kubwa ni kuandika fungu linaloihusu jamii hiyo.

Kazi hiyo hufuata utaratibu. Kwanza hutayarishwa programu ya kutafsiri, ambayo hufanya kazi katika kompyuta nyingine na kutoa maagizo ya prosesa mpya. Kisha huandikwa maagizo machache ya mwanzo, ya kutengeneza kumbukumbu. Hapa ndipo penye hatari. Mashine haina kioo cha kuonyesha lolote. Ikikosea hukaa kimya, na fundi hajui kama imekwama kwenye agizo la kwanza au la elfu. Kwa hiyo huweka mapema maagizo ya kupeleka herufi moja tu, kwa waya, hadi kompyuta ya pili. Herufi ikionekana, yote yaliyotangulia yamefika salama. Basi huweka herufi nyingine mbele zaidi. Baadaye hufuata saa na ishara za kukatiza kazi, na mwishowe programu ya kwanza ya mtumiaji.

Hatua hizi haziwezi kurukwa. Jamii ya prosesa iitwayo RISC-V ilianzishwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Fungu lake la msingi liliingizwa katika Linux 4.15, Januari 2018, lakini programu za saa na za kupokea ishara za vifaa zilikuwa bado, hivyo kiini hicho hakikutosha kuendesha mashine. Zilifuata katika Linux 4.19, Oktoba mwaka huohuo.

Andalio la Somo

Madhumuni: Baada ya vipindi viwili, mwanafunzi aweze kutaja sehemu ya kazi inayobadilika prosesa inapobadilika, na ile isiyobadilika.

Zana: Chaki juu ya meza, kadi tatu za maagizo, na vipande vya karatasi.

Hatua ya 1. Andika ubaoni mpango: fika mezani, chukua chaki, rudi. Mwanafunzi mmoja awe prosesa. Anatii maneno manne tu: mbele, kulia, kushoto, chukua. Darasa litafsiri mpango kwa maneno hayo.

Hatua ya 2. Mwanafunzi wa pili hajui neno "kushoto". Wengine watasema kazi haiwezekani. Usiwape jawabu; subiri hadi mmoja agundue kwamba kugeuka kulia mara tatu ni sawa na kugeuka kushoto mara moja. Ndipo uulize: ni kipi kilichobadilika? Wataona kwamba mpango ubaoni ni uleule; tafsiri tu ndiyo iliyobadilika.

Hatua ya 3. Mwanafunzi wa tatu ana kadi yenye maneno mageni: pa, to, mi, su. Liache darasa limpe orodha nzima kwa kubahatisha. Akiishia pembeni, hakuna atakayejua ni neno lipi lililompoteza. Warudie sasa, wakijaribu neno moja moja na kuandika maana yake kabla ya kuendelea.

Tathmini

Usiulize kama wameelewa. Kila mtoto aandike kwenye karatasi maagizo ya kumtoa prosesa wa pili mlangoni hadi dirishani. Zisome karatasi zote kabla ya kipindi kifuatacho. Mtoto aliyekosea amekuonyesha mahali alipokwama, na hapo ndipo uanzie.

Zoezi kwa Mwanachuo

Chukua andalio lako la somo la kesho. Weka alama kila mahali ambapo kila mtoto, si darasa kwa pamoja, atatoa "herufi" yake moja. Usipopata mahali hata pamoja, liandike upya andalio hilo kabla ya kuingia darasani.