Udadisi wa Mtoto Waweza Kuwa Kazi ya Kesho

Mtoto akiinua kidole mbele ya uso, afumbe jicho la kulia, kisha la kushoto, ataona kidole kama kinaruka. Wengi hucheka na kusahau. Anayeuliza "kwa nini?" amegusa msingi wa uhalisia pepe, teknolojia inayomfanya mtu ajihisi yumo ndani ya picha.

Macho yetu yametengana kwa takriban sentimita 6, hivyo kila moja huona picha tofauti kidogo. Ubongo huziunganisha na kutambua kilicho karibu na kilicho mbali. Mwaka wa 1838, Mwingereza Charles Wheatstone alieleza kifaa cha vioo kilichoonyesha kila jicho mchoro wake. Miwani ya uhalisia pepe hutumia kanuni iyo hiyo. Ndani yake pia mna vitambuzi: mvaaji akigeuza kichwa, picha nayo hubadilika.

Palmer Luckey, aliyezaliwa Marekani mwaka wa 1992, alitamani kuingia ndani ya michezo ya video. Akiwa kijana alitengeneza simu zilizoharibika na kuziuza, kisha akanunua miwani kuukuu ya aina hii ili ajue kasoro zake. Mwaka wa 2010 aliunda yake ya kwanza katika gereji ya wazazi wake. Mwaka wa 2012 aliomba umma mchango wa dola 250,000 kupitia intaneti. Akapata zaidi ya dola milioni 2.4. Mwaka wa 2014, Facebook ilinunua kampuni yake, Oculus, kwa takriban dola bilioni 2.

Si kila mtoto atauza kampuni. Hata hivyo, sekta hii inahitaji waandishi wa programu, mafundi wa elektroniki, wachoraji, wataalamu wa sauti na wasimulizi. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 anayechagua mkondo wa masomo anaweza kuifikia kupitia sayansi au sanaa. Aliyemaliza shule anaweza kuanza na kozi ya kompyuta au elektroniki katika chuo cha ufundi kilicho karibu.

Mzazi akikuta redio imefunguliwa vipandevipande, kabla ya kugomba, aulize: "Ulitaka kujua nini?" Kisha ampe mtoto kifaa kibovu cha betri ndogo, betri ikiwa imetolewa. Asimpe televisheni, kwani inaweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Udadisi unahitaji usalama, na mtu mzima wa kusikiliza maswali.