Somo la Vikundi: Kengele ya Kisauni na Uhuru wa Akili



Ukishuka matatu pale Kengeleni, Kisauni, utaona kengele kwenye mnara wake. Twapita hapo kila siku bila kuuliza ni ya nini.

Mwaka 1875 misheni ya Kianglikana, CMS, ilianzisha hapo kijiji cha Frere Town kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Kengele ilipigwa kuwaonya hatari ikikaribia. Walipata nyumba, mashamba, kanisa na shule. Lakini je, walikuwa huru kabisa? Sheria za kijiji zilitungwa na wamisionari, na miaka ile ya mwanzo waliokosa walichapwa viboko. Walitoka kwa bwana, wakaingia kwa mlezi.

Mwaka 1784 mwalimu Mjerumani, Immanuel Kant, alikuwa ameandika kwamba mtu mzima aweza kubaki kama mtoto. Si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa ujasiri wa kuitumia mwenyewe. Ni rahisi kumwachia mwingine atufikirie. Kabla yake, mwaka 1762, Jean-Jacques Rousseau aliandika kwamba mtu akitii sheria aliyoshiriki kuitunga, bado yuko huru.

Sasa tuje kwetu. Katika vikundi vingi ninavyotembelea Likoni na Changamwe, daftari la pesa husomwa na mtu mmoja tu. Twaambiwa, "Hesabu iko sawa," twapiga makofi, twaenda zetu. Pesa zikipotea, twalia. Hata mweka hazina mwaminifu huumia, maana akisingiziwa hakuna shahidi wa kumtetea.

Basi elimu si cheti peke yake. Ni mama muuza samaki kusimama mkutanoni na kuuliza, "Hiyo mia tano ilienda wapi?" bila kuitwa mchochezi.

Kant naye tumpime. Aliandika pia maneno ya kuwadharau watu weusi, na hapo alikosea. Kusema hivyo ndiko kutumia akili zetu.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kusoma daftari la kikundi?
2. Katiba yetu tuliitunga wenyewe, au tuliletewa?
3. Nani hasemi kitu mkutanoni, na kwa nini?

Kazi ya mwezi: Mkutano ujao, mwanachama asiye kiongozi asome hesabu kwa sauti. Asiyejua kusoma aketi kando yake, ahesabu pesa zenyewe.