Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Kutambua Matatizo na Kuyakabili

Mwongozo huu umeandaliwa kwa ajili ya kaya za wazungumzaji wa Kiswahili waishio Uingereza ambamo mmoja wao amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ama katika huduma ya afya ya taifa, ama kwa malipo binafsi, ama nje ya nchi. Unamhusu mgonjwa mwenyewe, na vilevile mwenzi wake, watoto wake watu wazima na kila anayempikia.

Wengi waliofanyiwa upasuaji huu hunufaika. Uzito hupungua, na kisukari na shinikizo la damu mara nyingi hupata nafuu kubwa. Hata hivyo, upasuaji ni mwanzo wa safari ya maisha yote, na baadhi ya matatizo yake hujitokeza baada ya miezi au miaka. Mengi kati ya hayo hutibika yakitambuliwa mapema. Yakifichwa, huweza kuua.

Mwili umebadilika vipi?

Aina mbili za upasuaji ndizo zinazofanywa zaidi. Katika ya kwanza, sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo hukatwa na kuondolewa kabisa, ukabaki mrija mwembamba. Katika ya pili, daktari hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula hupitia njia ya mkato na kuacha nyuma sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Wapo pia waliofungwa mkanda kuzunguka sehemu ya juu ya tumbo.

Ni muhimu mgonjwa ajue jina la upasuaji aliofanyiwa na tarehe yake, na karatasi ya hospitali ihifadhiwe mahali ambapo jamaa wa nyumbani wanaweza kuifikia. Daktari wa dharura atauliza jambo hilo mwanzoni kabisa.

Dalili zisizosubiri

Katika wiki za mwanzo mshono wa ndani huweza kuvuja, damu huweza kutoka ndani ya tumbo, na damu iliyoganda mguuni huweza kusafiri hadi mapafuni. Mgonjwa au jamaa yake apige simu 999 mara moja, au aende idara ya dharura, ionekanapo mojawapo ya dalili hizi:

- maumivu makali ya tumbo yasiyotulia kwa dawa, au yanayozidi saa hadi saa;
- moyo kwenda mbio hata akiwa amepumzika, hasa mapigo yakizidi 100 kwa dakika;
- homa, kutetemeka kwa baridi, au maumivu mapya ya bega la kushoto yanayoambatana na hali mbaya ya mwili;
- kukosa pumzi, maumivu ya kifua, au kukohoa damu;
- mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa na joto;
- kutapika damu, au kupata choo cheusi kama lami;
- kuzimia au kuchanganyikiwa.

Wagonjwa wengi hupewa sindano za kuzuia damu isigande ili wajidunge nyumbani. Sindano nyingi za aina hii hutokana na nguruwe, na baadhi ya Waislamu, wakishalijua hilo, huziacha kimyakimya. Kuziacha bila kusema ndiko kwenye hatari. Mwenye wasiwasi amweleze daktari kabla ya upasuaji, au hata baada yake, kwa kuwa ipo dawa mbadala isiyotokana na mnyama. Lisipopatikana jingine linalomfaa, amwulize pia mwanachuoni anayemwamini kuhusu hukumu ya dharura.

Maumivu yanayokuja miezi au miaka baadaye

Uzito unapopungua kwa kasi, vijiwe hujijenga katika kifuko cha nyongo. Dalili yake ni maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu au katikati ya tumbo, mara nyingi baada ya kula. Maumivu hayo yakiambatana na homa au macho kuwa ya manjano, ni dharura.

Aliyefanyiwa upasuaji wa njia ya mkato ana hatari nyingine, nayo ni ngiri ya ndani: utumbo huingia katika upenyo uliobaki ndani ya tumbo na kunaswa humo. Maumivu yake huweza kuja na kuondoka kwa wiki nyingi, kisha siku moja yakaja na yasiondoke. Kwa nje tumbo huenda lisionyeshe lolote. Mgonjwa asikubali kurudishwa nyumbani kwa maelezo ya gesi tu kabla hajamwambia daktari waziwazi kwamba amefanyiwa upasuaji huu, na kuuliza kama picha ya tumbo inahitajika.

Kutapika si jambo la kuzoewa

Kutapika mara moja baada ya kula haraka au kula kingi hutokea. Kutapika kwa siku mbili au tatu mfululizo ni tatizo linalohitaji daktari. Huenda njia ya chakula imebana, au pana kidonda. Zaidi ya hayo, mwili huishiwa upesi na vitamini B1, iitwayo thiamini, ambayo akiba yake ni ya wiki chache tu.

Chukua mfano wa mama aliye katika wiki ya sita, anayetapika kila anachokula. Jamaa zake, kwa huruma, wanamkorogea glukosi na kumpa soda ili apate nguvu. Nguvu hazirudi, badala yake anaanza kuyumba akitembea, anaona vitu viwili viwili, na anasahau maneno. Hizo ni dalili za ubongo kukosa thiamini, na sukari nyingi isiyotanguliwa na vitamini hiyo huweza kuzidisha madhara. Anachohitaji ni hospitali siku hiyohiyo, na jamaa yake aseme kwa kutaja: amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ametapika kwa siku kadhaa, je, apewe thiamini kabla ya maji ya sukari? Swali hilo moja huweza kuokoa akili na miguu ya mgonjwa.

Chakula cha nyumbani na sukari

Halwa, kaimati, visheti, sharbati na chai yenye sukari nyingi huweza kushuka utumboni kwa ghafla. Kati ya dakika 10 na 30 baada ya kula, mgonjwa huhisi moyo ukienda mbio, jasho, kizunguzungu, tumbo kusokota na kuharisha. Wengine hupatwa baadaye, saa 1 hadi 3 baada ya mlo: sukari ya damu hushuka mno, wakatetemeka na kuishiwa nguvu. Hali hii ya pili ikijirudia, daktari aelezwe, na mgonjwa asiendeshe gari akiwa na dalili hizo.

Kinga yake imo jikoni. Mlo uwe mdogo, uliwe polepole kwa dakika 20 au 30, na uanze na samaki, yai, kuku laini, kunde au choroko, kisha mboga, na wanga uje mwisho. Ugali, chapati, mkate laini na nyama kavu hunasa kwa urahisi, hivyo tonge liwe dogo na litafunwe hadi lilainike kabisa. Maji yasinywewe pamoja na chakula. Yasubiri nusu saa, kisha yanywewe kidogo kidogo mchana kutwa.

Vitamini za maisha yote

Mwili uliopasuliwa hivi haupati virutubisho vya kutosha kutoka kwenye chakula pekee. Mgonjwa huhitaji vidonge vya vitamini na madini kila siku, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, na wengi hudungwa vitamini B12, kwa kawaida kila baada ya miezi 3. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu vitenganishwe kwa saa 2, na vya chuma visimezwe kwa chai. Wenye ngozi nyeusi na wanaojisitiri mwili mzima hupata vitamini D kidogo katika jua hafifu la nchi hii, hivyo wasiache vidonge vyake. Mwenye kuepuka jelatini ya nguruwe amwombe mfamasia aina isiyo nayo.

Nywele hunyonyoka kwa wengi katika miezi ya mwanzo, na kwa kawaida huota tena. Ganzi ya miguu, uchovu usioisha au kupauka ni sababu ya kupima damu mapema.

Dawa za kuangaliwa

Ibuprofeni, diklofenaki na dawa za jamii hiyo, zikiwamo zile zinazoletwa na wageni kutoka nyumbani, husababisha vidonda na huweza kutoboa tumbo, hasa kwa wenye upasuaji wa njia ya mkato. Parasetamoli ndiyo iliyo salama zaidi kwa maumivu ya kawaida. Aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache bila kumwuliza daktari. Sigara nazo huchochea vidonda. Dawa za kisukari na za shinikizo la damu huhitaji kupunguzwa uzito unaposhuka. Daktari ndiye wa kuzipunguza.

Funga ya Ramadhani

Wataalamu kwa kawaida hushauri mgonjwa asifunge angalau katika mwaka wa kwanza, kwa kuwa hawezi kunywa maji mengi kwa mara moja ili kufidia mchana kutwa. Sheria ya Kiislamu imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, au kutoa fidia asipotarajia kupona, hivyo asionwe kuwa amezembea. Baada ya muda huo, anayetaka kufunga amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama ili dawa zake zipangwe. Afuturu kwa maji kidogo kidogo na chakula chenye protini, wala asianze kwa sharbati na tende nyingi. Akizidiwa na kizunguzungu au kutapika, afungue.

Uzazi

Uzito unaposhuka, mwanamke aliyekuwa hashiki mimba huweza kushika bila kutarajia. Inashauriwa asubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya kupanga uzazi huenda visifyonzwe vyema, kwa hiyo kitanzi au kijiti hutegemewa zaidi. Akishika mimba, mkunga aelezwe mapema, vitamini zake zibadilishwe ipasavyo, na kipimo cha kisukari cha kunywa maji ya sukari kitafutiwe njia mbadala. Maumivu makali ya tumbo wakati wa ujauzito yachunguzwe siku hiyohiyo.

Siri na maneno ya watu

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, aliyekonda huulizwa anaumwa nini, na minong'ono hufuata. Kwa kuogopa maneno hayo, wapo wanaoficha upasuaji hata kwa wenzi wao. Mgonjwa halazimiki kumweleza kila mtu. Lakini mtu mmoja nyumbani lazima ajue, kwa sababu aliyezimia hawezi kujieleza kwa wahudumu wa gari la wagonjwa.

Mwenyeji naye asimlazimishe mgeni kuongeza sahani. Kumkirimu ni kumwachia kiasi chake. Huzuni, kuichukia ngozi iliyolegea, au kutafuta faraja katika pombe ni mambo yanayotokea na yana msaada wake. Mgonjwa ayaseme kwa daktari kama asemavyo maumivu ya tumbo.

Msaada unapatikana wapi?

Kwa dharura: 999. Kwa ushauri wa haraka usio wa dharura katika England, Scotland na Wales: 111, usiku na mchana. Aombaye mkalimani aseme neno “Swahili”. Mkalimani wa huduma ya afya ya taifa hatozwi fedha, na mtoto asitumiwe kutafsiri.

Aliyepasuliwa nje ya nchi asijifiche kwa hofu ya kulaumiwa. Idara ya dharura itamhudumia. Ajiandikishe kwa daktari wa familia, ampelekee karatasi za upasuaji, na aombe kupimwa damu. Aliyepasuliwa hapa hufuatiliwa na kliniki yake kwa angalau miaka 2, kisha daktari wa familia humpima kila mwaka. Miadi hiyo isikosekane hata kama mgonjwa anajihisi mzima, kwa kuwa upungufu wa vitamini huanza kimya, na kipimo cha damu huugundua kabla mwili haujaonyesha dalili.